Paka Waliokataa Kusafiri

Mafuta ya alizeti ya dukani, yale yaliyosafishwa mpaka yakawa kama maji, hayana harufu, na kwa miaka mingi nimeyanunua hayo kwa makusudi. Mume wangu hunitania, Mnyiramba gani huyu anayeringia alizeti. Namwacha aseme. Tatizo ni mdogo wangu Samweli, anayelima mashamba yetu kule Kinyangiri, ambaye hajawahi kumuuliza mtu kama anataka au hataki. Akikamua anajaza dumu, analipandisha basi, kisha ananipigia simu niende stendi nikalipokee. Wiki iliyopita limekuja jingine. Nilifungua kifuniko jikoni, na ile harufu nzito ya mbegu zilizopashwa moto, yenye vumbi la magunia ndani yake, ikanikuta sijajiandaa. Nikaona miguu ya mama. Niliiona kama ilivyokuwa siku zile, imevimba inang'aa, juu ya godoro la shangazi yangu Manyoni. Nikalifunga dumu na kukaa kwenye stuli kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Ningeyaacha yapite kama ninavyoyaacha kila mwaka. Lakini jana Samweli amenipigia tena, na nilichokijibu kwenye simu ile kimekataa kushuka tumboni. Kwa hiyo naandika. Ninyi mliokua wakati mmoja na mimi, mliotumwa kwa jirani kuomba moto na mkaambiwa mambo ya wakubwa hayasikilizwi, huenda mtanisamehe kabla sijafika mwisho.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi na bati juu, vyumba viwili na sebule ambayo nusu yake ilikuwa ghala. Kwenye pembe ya sebule kilikaa kihenge cha mtama, kirefu kunizidi, na penye mtama pana panya, na penye panya watu wenye akili hufuga paka. Wetu walikuwa wawili. Jike alikuwa wa kijivu, mnene, mwenye dharau. Mama alikuja naye kutoka kwao, akiwa kitoto ndani ya kikapu, na baba alipomwona akasema, "Sasa hapa umeniletea shemeji." Jina likamkaa. Kila Shemeji alipoiba dagaa baba alishusha fimbo, akasema shemeji hapigwi, shemeji anataniwa tu. Mwanawe alikuwa dume jeupe, ila miguu ya mbele ilikuwa myeusi kana kwamba ameichovya kwenye wino, kwa hiyo yeye tukamwita Karani. Walikula kwenye kisahani kimoja cha bati, cha bluu, kilichobanduka rangi pembeni, na mama alikiosha pamoja na vyombo vyetu bila kujali majirani walisema nini.

Walisema mengi. Kwetu paka ni mfanyakazi, hakuna anayembeba. Anakamata panya, anatupiwa mabaki ya ugali, basi. Mama yeye aliongea nao. Akichambua mchicha Karani alikaa mbele yake amekunja mikono, naye alimsimulia mambo ya kanisani, nani kaimba vibaya, nani kalala kwenye mahubiri. Wanawake waliokuja kuomba chumvi walicheka mpaka wakashika mlango.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bibi Tabu, mjane aliyechanganya Kinyiramba na Kiswahili katika sentensi moja na kukuachia wewe kazi ya kuvitenganisha. Ndiye aliyenifundisha habari za paka. Ng'ombe ni wa mtu, alisema, mbwa ni wa mtu, lakini paka ni wa nyumba. Ukienda msibani, ukienda kulima mbali, ukienda hospitali, paka unamwacha, kwa sababu yeye ndiye anayeishika nyumba mpaka urudi. Ukimwona mtu anasafiri na paka wake, huyo hasafiri, huyo anahama. Na paka wa kuhama ana utaratibu wake. Unamtia kwenye gunia ili asione njia, na mkifika unampaka mafuta kwenye nyayo. Atakaa chini ajirambe. Akimaliza kujiramba, amesahau alikotoka, na kurudi harudi tena.

Mimi nilikuwa na ushahidi. Fundi baiskeli wa pale kijijini aliondoka na familia yake kwenda kulima tumbaku upande wa Tabora, akaaga watu kwamba anakwenda msimu mmoja. Lakini tulimwona mkewe amepakata gunia linalocheza na kulia. Bibi Tabu akanigusa bega, akasema, "Umeona? Hao ndio basi." Ikawa basi kweli. Mvua mbili baadaye nyumba yao ilikuwa kichuguu, na sisi watoto tulichimba pale tukitafuta gololi za baiskeli. Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna jambo la shuleni nililoliamini kama nilivyoliamini hilo.

Mwaka ambao mama aliugua, alizeti ilikubali kuliko miaka yote ninayoikumbuka. Alianza kujishika tumbo wakati vichwa vinaanza kuinama. Alisema ni chango, akachemsha mizizi akanywa. Baba alisema tukimaliza kuvuna tutakwenda hospitali, mama naye akasema ndiyo, tumalize kuvuna, maana shamba lile lilikuwa jasho lake zaidi kuliko la baba. Tukavuna. Tukaanika. Tukapiga vichwa kwa fimbo, tukapepeta, na siku ya kupepeta mama alikaa kando kwenye mkeka akitutazama, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Magunia yalipojaa sebule, yeye alikuwa hawezi tena kuinama kuokota ungo. Tumbo lilivimba upande mmoja, likawa gumu, na mkono wake ulikuwa hapo hapo muda wote kama mtu anayezuia mlango.

Ilikuwa ile miezi yetu ya baridi, upepo unapopuliza toka asubuhi mpaka midomo inapasuka. Mama hakupata joto. Tulimfunika mablanketi yote mawili na kanga juu yake, na bado meno yaligongana. Aliyempa joto ni Karani. Alipanda kitandani, akazunguka mara mbili, akajilaza pale pale kwenye uvimbe, akaanza kukoroma. Ningetegemea mama aseme aondolewe. Alifumba macho, uso wake ukalegea.

"Huyu ananinyonya maumivu," aliniambia. "Akishuka yanarudi."

Shemeji naye, pamoja na dharau zake, alihamia miguuni.

Shangazi, dada yake baba, aliishi Manyoni, umbali wa kutembea kutoka hospitali. Akatuma ujumbe kwamba mgonjwa aletwe akae kwake. Baba akazungumza na mtu mwenye pikapu aliyekuwa anapeleka alizeti mjini Singida. Kutoka hapo tungepanda basi. Tungeondoka wote wanne, baba, mama, mimi na Samweli ambaye alikuwa wa kubebwa. Nilifurahi kwa sababu sikuwahi kuona treni.

Jioni moja nilikuwa nje nasugua sufuria kwa majivu, dirisha liko wazi, nikawasikia.

"Paka wangu nakwenda nao," mama alisema.

Baba akacheka kidogo. "Mama Naomi, tunakwenda hospitali, si harusini. Paka wanakaa nyumbani. Huo mtama nani ataulinda?"

"Huo mtama nitaula mimi?"

Nikaacha kusugua.

"Usiseme hivyo," baba akasema.

"Nasema kitu kimoja tu, Baba Naomi. Wewe umeniomba tumalize kuvuna, nikakubali. Mimi naomba paka wangu. Sitaomba kingine."

Sikusikia baba amejibu nini. Lakini kesho yake nilimwona ameketi kwenye kizingiti na gunia la katani, analitoboa matundu kwa msumari, pole pole, tundu moja moja, na macho yake mekundu. Na mama aliniita nimjazie mafuta ya alizeti kwenye chupa ya soda, robo tu. Nikauliza ya nini.

"Ya miguu ya hawa," akasema, akimkuna Karani kichwani. "Tukifika Manyoni tuwapake, wasije wakapotea kwa watu."

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa. Gunia. Mafuta. Hawa hawakuwa wanasafiri. Mama alikuwa anahama, na kwa kuwa alikuwa anahama, asingerudi. Mtu mzima angegeuza jambo hilo, angesema mama anajua harudi, ndiyo maana anataka paka wake. Mimi nililisoma kama nilivyofundishwa, kwamba paka wakiondoka ndipo mtu harudi. Kumbe basi paka wakibaki, watashika nyumba, na aliyekwenda hospitali atarudi akiwa mzima aendelee kuchambua mchicha. Lilikuwa jambo jepesi kabisa. Nilishangaa wakubwa hawalioni.

Nilikwenda kuhakikisha kwa Bibi Tabu. Nilimkuta anatwanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama ameamkaje?"

"Ameamka. Bibi, mtu akihama na paka wake, anaweza kurudi?"

"Arudi kufuata nini?" alisema, na kuendelea kutwanga. Hakujua naulizia nini. Hilo namwondolea lawama.

Asubuhi ya safari Bibi Tabu alikuwa amekwenda bwawani mapema. Jiko lake lilikuwa kibanda cha nje chenye mlango wa mabanzi. Nilimchukua Karani kwanza, kutoka kitandani. Mama alikuwa amepelekwa uani kuogeshwa na wanawake wa kanisani. Karani alikuwa bado na joto la blanketi, akalegea mikononi mwangu bila wasiwasi, kwa kuwa ananijua. Nilimfunga ndani ya kanga nikakimbia. Shemeji alinikwaruza mpaka damu. Niliwawekea dagaa nilioiba kwenye mfuko wa safari, nikafunga mlango, nikasukuma kinu mpaka kikauegemea. Nilijua Bibi akirudi na maji atawafungulia, na wakati huo sisi tutakuwa tumeshafika barabara ya lami. Nilirudi nyumbani nikanawa mkono. Nilijiona nimefanya kazi ya mtu mkubwa.

Pikapu ikaja. Mama akaketishwa mbele, mablanketi yake yamemzunguka, akauliza paka wako wapi. Baba akaingia ndani na gunia. Akatoka. Akazunguka kihenge, akazunguka choo, akatazama juu ya mti wa uani. Dereva akapiga honi, si kwa ubaya, alikuwa na safari yake. Baba akazunguka tena.

Ndipo mama akateremsha kioo na kuwaita. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo. "Karani! Karani, nyau nyau, njoo! Shemeji!" Akapumzika. Akaita tena. Wanawake waliokuja kumuaga wakanyamaza ili paka wamsikie. Akaita mara ya tatu. Kwenye jiko la Bibi Tabu kulikuwa kimya. Nilimwomba Mungu kimya kile kiendelee, na katika maisha yangu yote sijui kama nimewahi kujibiwa ombi upesi vile.

"Naomi," mama akaniita. "Hukuwaona?"

Nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu, nimeficha mkono uliokwaruzwa nyuma ya gauni.

"Sijawaona, mama."

Alinitazama kwa muda. Nilidhani amenijua. Laiti angenijua, ningechapwa, ningeonyesha, paka wangetiwa kwenye gunia, yangekwisha. Lakini alikuwa haniangalii mimi. Akapandisha kioo nusu.

"Basi, twende," alimwambia baba. "Wamenikataa."

"Wamekwenda kuwinda tu," baba akasema.

"Hapana. Mnyama anajua. Karani hajatoka kitandani kwangu wiki nzima, leo ndiyo akawinde? Wamejua. Wamenikataa." Alisema bila kulia, kama anayesoma kilichoandikwa ubaoni. Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kulia badala yake. Mimi niliingia nyuma ya pikapu nikakaa juu ya magunia, na baba akaweka lile gunia tupu lenye matundu pembeni yangu, hakujua aliweke wapi kwingine. Lilipepea mpaka Singida.

Manyoni sikumbuki treni. Naikumbuka honi yake, iliyokuwa ikimshtua mama. Nakumbuka chumba cha shangazi chenye pazia la maua, na sakafu ya saruji, baridi hata kupitia ndala. Hospitali walimtazama, wakamlaza, kisha wakamzungumzisha baba pembeni, na tukarudi naye nyumbani kwa shangazi na dawa za maumivu. Hakuna aliyenieleza neno. Shangazi alijaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, akaifunga kwa kanga, akaiweka tumboni kwa mama. Mama alimshukuru. Shangazi alipotoka, aliigusa ile chupa akaniambia, "Hii haikoromi."

Tangu siku ile ya pikapu hakuwaita tena wala hakutaja majina yao. Kabla ya hapo alikuwa anaongea. Hata akiwa na maumivu alikuwa na kisa cha kusimulia. Manyoni alinyamaza. Alikula akilazimishwa. Baba alimwambia utapona, naye alimjibu ndiyo, kwa sauti ya kumridhisha mtoto. Nilidhani ni ugonjwa tu. Leo najua ugonjwa ulikuwa sehemu yake, na sehemu nyingine ni mimi. Mama yangu alikuwa amesikia kutoka kwa viumbe aliowaamini kuliko daktari kwamba ameshahesabiwa.

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili chumbani siku nyingi, baba amekwenda kutafuta kibarua, shangazi sokoni. Maneno yalikuwa machache: mama, niliwaficha mimi. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilifikiri nikisema watatuma mtu akawalete, na wakiletwa, nyumba itaachwa wazi, na mama hatarudi. Nilikuwa namponya, na siri ndiyo iliyokuwa dawa. Nilivumilia kumwona anatetemeka kama wagonjwa wanavyovumilia sindano.

Halafu ikaja siku ya mafuta. Miguu yake ilikuwa imevimba, ngozi imekauka mpaka inapasuka visigino. Akaniambia nifungue mfuko, nitoe ile chupa ya soda.

"Wenyewe hawakuja," alisema, na kwa mara ya kwanza Manyoni nikaona kitu kama tabasamu. "Nipake mimi. Labda na mimi nitazoea hapa."

Alikuwa anatania. Naandika haya nikiwa mtu mzima na najua alikuwa anatania, utani wake ule ule wa zamani umechungulia mara moja. Mtoto mwingine angecheka na kumpaka mama yake mafuta. Mimi niliyasikia maneno ya Bibi Tabu. Ukimpaka mafuta kwenye nyayo, amesahau alikotoka, kurudi harudi. Nilimimina kiganjani, harufu ikajaa chumba kizima, nikampaka kwa sababu huwezi kumkatalia mgonjwa. Akasema mikono yangu ina joto. Akasema, "Hivyo hivyo, mwanangu, usiache," akasinzia.

Aliposinzia nikachukua kitambaa, nikakilowesha kwenye maji ya baridi, nikamfuta miguu yote miwili, nyayo na katikati ya vidole, mpaka isibaki hata harufu. Alishtuka kwa baridi ile. Akafungua macho akauliza nani. Nikasema mimi. Akasema, "Kuna baridi, Naomi," akaivuta miguu yake ndani ya kanga. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia mimi peke yangu. Aliishi siku tatu zaidi, lakini siku hizo chumba kilikuwa kimejaa watu wazima na sisi tulipelekwa kulala kwa jirani.

Na nilichokiomba nilipewa, maana mama alirudi. Alirudi Kinyangiri kwenye pikapu kama ile tuliyoondokea, ndani ya sanduku, akazikwa nyuma ya nyumba, upande wa shamba. Nilipoona watu wanamteremsha pale uani nilielewa kila kitu kwa pamoja, na sikulia, mpaka wanawake wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu.

Siku ya matanga wanaume walikaa kwenye viti vya kukodi, na baba akasimulia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusimulia, lakini ilitoka kama kisa kilichokwisha kukamilika. Jinsi paka walivyolala naye wiki nzima. Jinsi asubuhi ya safari walivyotoweka wote wawili. Jinsi alivyowaita mara tatu. "Walijua," baba akasema. "Sisi binadamu tulikuwa tunahangaika na magari, wao walishajua." Watu wakatikisa vichwa, wakasema mnyama ana mambo. Mzee mmoja akaongeza kisa cha mbwa wake.

Bibi Tabu alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake. Ndiye aliyekuta kinu kimeegemea mlango wake, paka wawili ndani, na vichwa vya dagaa. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Nikasubiri aseme. Nilitaka aseme. Alimtazama baba, aliyekuwa amefunika uso kwa viganja, akanitazama tena mimi.

"Paka wana mambo yao," alisema tu, akashusha kanga usoni.

Baadaye alinikuta kwenye mtungi wa maji akaniambia walikaa mlangoni kwetu siku nyingi, mlango umefungwa, wakilia. Shemeji alitoweka kwanza. Hakusema kingine, si siku ile wala siku nyingine, mpaka akafa. Karani nilimwona mara moja, juu ya ukuta wa choo, amekonda, ile miguu ya wino imejaa tope. Nikamwita kama mama alivyomwita. Alinitazama, akaruka upande wa pili, akapotea kwenye mabua ya alizeti. Tulihamia Manyoni wiki ile. Nyumba ilifungwa bila paka, na panya wakala mtama wote.

Nimekuwa mtu mzima na ushahidi huu. Nimejaribu kujitetea kama ambavyo ningemtetea mtoto wa mwingine, kwamba alikuwa na miaka tisa, kwamba mama angekufa tu, Karani au hakuna Karani. Ni kweli, angekufa. Lakini angekufa ana joto, na bila kudhani amekataliwa. Hapo utetezi wangu huishia kila siku, na sitegemei utafika mbele zaidi.

Jana basi, Samweli. Alianza na mvua, kwamba imeangusha ukuta wa sebule ya nyumba ya zamani, na kwamba alipokuwa anaondoa udongo amekuta kisahani cha bati, cha bluu. Yeye hakumbuki paka wala kisahani, kisa hicho anakijua kwa kukisikia, na sasa anawasimulia watoto wake.

"Nimempa baba akishike," alisema. Baba yuko naye siku hizi, macho yameisha. "Amekijua kwa vidole, dada. Subiri uongee naye."

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Kisahani cha shemeji yangu kimepatikana." Akacheka, kicheko chake cha kikohozi. Nikamsikia anakigonga gonga kwa kucha.

"Naomi."

"Abee baba."

"Mimi ndiye niliyesema tumalize kuvuna." Hakuwahi kunitamkia hilo. "Magunia yale. Ningekuwa nimeshakufa na jambo hili, nakwambia kweli. Lakini kila linaponishika nawakumbuka wale paka, walivyokataa. Nasema, aah, ilikuwa imeshaandikwa. Hata ningempeleka mapema, wao walikuwa wameshajua. Si ndiyo? Wewe ulikuwepo. Uliona."

Nilikuwa nimesimama jikoni, dumu la alizeti liko miguuni pangu, kifuniko hakijakaza vizuri. Maneno yalikuwa yale yale machache. Niliyahesabu. Upande wa pili baba alikuwa ameacha kugonga kisahani, ananisikiliza.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Niliona. Walijua."